Kiti Alichoninunulia Rashidi

Kiti chenyewe bado kipo. Ni cha plastiki, kilikuwa cheupe, sasa kimegeuka rangi ya maziwa ya jana, na mkono wake wa kushoto una ufa uliozibwa kwa waya. Nikikitazama nacheka peke yangu. Nusura kinipotezee miguu, na aliyekileta ni mtu anayenipenda kuliko wote walio hai.

Haya nayaandika kwa ajili ya mtu aliyetoka hospitali leo, ameambiwa ana sukari, amefika nyumbani, na watu wake wamemwekea mto mgongoni wakamwambia, "Kaa, pumzika." Mimi si daktari. Nilijifunza kuandika kwenye kisomo cha watu wazima, nikafanya kazi kiwandani, basi. Nitakayosema ni yale yaliyopita kwenye mwili wangu na kwenye uwanja wa nyumba yangu.

Mimi ni mtu wa Makote, huku Newala. Kiwanda cha korosho kilipokuwa hai nilikuwa mchambuaji, kazi ya kusimama na kutembea toka asubuhi mpaka king'ora cha jioni. Kisha kikafungwa. Ikaja miaka ile ya soko huria, wanunuzi binafsi wakaanza kupanda kwetu na malori yao, maduka yakajaa sabuni za rangi na ndoo za plastiki, na sisi akina mama tuliotoka kiwandani tukarudi kubangua korosho uani kwetu. Kubangua ni kazi ya kukaa. Unazikaanga kwenye bati lenye matundu mpaka mafuta yake yawake moto, unazimwagia mchanga, zikipoa unakaa kitako na kijiti chako unapasua moja moja. Nilikuwa nakaa asubuhi, nainuka kwa ajili ya swala, nakaa tena mpaka jua lipungue. Majirani walinisifu. "Mama Rashidi akikaa, amekaa," walisema, na mimi nikavimba kichwa.

Kiu ilinianza msimu wa korosho ukiishia, mvua zikisuasua. Sisi wa huku juu maji tunayaheshimu. Bomba likikauka, na siku zile lilikuwa halikawii kukauka, wanawake hushuka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo kichwani jua likiwa limeshakuwa kali. Kwetu aliyeshuka ni Zuhura, mke wa mwanangu Rashidi. Rashidi ni mtoto wangu wa pekee. Baba yake alipofariki alihamia kwangu na mkewe na binti yao Asha, ili nisibaki mpweke. Zuhura aliacha kwao, akaacha mama yake, jambo ambalo kwetu si dogo, maana kwetu mume ndiye huhamia kwa mke, na sikuwahi kumsikia akilitaja.

Huyo ndiye niliyeanza kumwibia maji. Wakiwa shambani nilikuwa nakwenda kwenye mtungi, nachota kata ya kwanza, ya pili, ya tatu, nakunywa kama ng'ombe, narudi kwenye korosho zangu. Kabla sijapasua kumi, ulimi umekauka tena. Zuhura akirudi anakuta mtungi umeshuka. Alimuuliza Asha, Asha akaapa kwa jina la Mungu. Akamuuliza mumewe. Mimi niko palepale nabangua, nimejifanya hamnazo. Siku ya nne au ya tano nikamsikia akimwambia Rashidi kwa sauti ndogo kwamba labda kuna jirani anayeingia wakiwa hawapo. Hapo aibu ikanishika. Nikamwita.

"Mama Asha," nikamwambia, "mwizi ni mimi."

Nilijua ana haki ya kununa mwezi mzima.

"Mama, ungesema tu," alisema. Kesho yake akashuka bondeni mara mbili.

Ni yeye pia aliyeona sisimizi. Kwetu mkwe hazungumzi na mama mkwe habari za bafuni, hata iweje. Alikuja akageukia ukuta, akanipa mgongo, akasema akiwa anatazama udongo: "Mama, unisamehe. Pale unapojisaidia haja ndogo, sisimizi wanajaa." Wakati huo gauni langu la Idi lilishaanza kuning'inia mabegani, usiku nilikuwa siishi kuinuka, na macho yalikuwa yanaona ukungu. Wote tulikuwa tunaona. Yeye peke yake ndiye aliyepata ujasiri wa kulisema.

Nilishuka Masasi kwa sababu mdogo wangu Somoe anakaa Mkomaindo, karibu na hospitali, na kwake nina kitanda. Pale kliniki nesi alichukua mkojo wangu, akautia kwenye kichupa pamoja na dawa ya buluu, akaupasha moto juu ya kijitaa. Nilikuwa naangalia kama mtu anayesubiri chai. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa njano, njano ikawa chungwa, mwisho ikasimama kwenye rangi ya tofali la kuchoma. Nesi hakuwa na haja ya kunieleza, uso wake ulitosha. Nikapewa vidonge, nikaambiwa nini nile na nini niache, na nirudi kila mwezi.

Rashidi aliposikia neno kisukari alilia mbele ya mkewe. Mwaka ule alikuwa ameanza kuzunguka na wanunuzi, akiwaonyesha njia za vijijini, na alikuwa na hela kidogo ya kwanza maishani mwake. Wiki ile ile akarudi na kiti kichwani. Kilikuwa kiti cha kwanza cha plastiki mtaani kwetu, chenye mikono miwili na mgongo wa matundu matundu. Akakiweka barazani, akanishika mkono, akanikalisha mbele ya watu.

"Kuanzia leo," alisema, "mama hagusi kitu."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikajiona bibi harusi. Ningesema sikufurahi ningekuwa mwongo.

Basi nikakaa. Niliamka nikapelekwa kitini. Chai ililetwa kitini, maji ya kunawa yaliletwa kitini, ugali uliletwa kitini. Korosho tu ndizo nilizoachiwa, zililetwa kwenye ungo, nikabangua hapo hapo. Nikitaka kuinua hata kikombe, Asha ameshafika. Nikisogea ukingoni, Zuhura anatoka jikoni mbio, mikono ina unga: "Kaa mama, unataka nini nikuletee?" Wageni waliokuja kunipa pole walikaa mkekani miguuni pangu tukazungumza mpaka jioni. Hata swala nilianza kusali nikiwa nimekaa, kwa kuwa kila mtu alisema mgonjwa ana ruhusa.

Mwili ulibadilika polepole, na mtu wa kukaa hauoni mwili wake. Mapaja yalinywea. Vifundo vya miguu vilivimba mpaka kandambili zikaacha alama. Kisha ikaja ganzi, kwanza kwenye vidole, halafu nyayo nzima, nikawa kama nakanyaga majivu yaliyopoa. Kila mwezi nilishuka Masasi, kila mwezi kichupa kilisimama kwenye tofali. Vidonge sikuruka hata kimoja. Sukari kwenye chai sikuonja. Mvua zilikwisha, mahindi yakavunwa, baridi ya huku juu ikaingia, na mimi nilikuwa tofali lile lile.

Kwenye benchi la kliniki nilikuwa namwona mama mmoja wa Nanganga, Mama Thabiti, anayeuza mihogo ya kuchoma barabarani mabasi yanaposimama. Mguu wake wa kushoto uliishia chini ya goti. Alikuwa mtu wa mzaha, anamtania kila mtu, lakini mimi sikuweza kumtazama chini ya kiuno. Nilikuwa nakaa mbali naye. Nakiri hilo kwa sababu najua na wewe utakuwa na mtu wako wa kumkwepa.

Mwezi wa baridi nilimkuta daktari mpya, mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alitazama kichupa, akatazama miguu yangu, akanichomachoma nyayo kwa ncha ya kalamu huku nimefumba macho. Mara nyingi sikujua kama amenigusa. Akavuta kiti chake karibu.

"Mama, nieleze siku yako. Toka unapoamka."

"Nnaamka, nnapelekwa kwenye kiti."

"Halafu?"

"Nnaletewa chai. Haina sukari."

"Vizuri. Halafu?"

"Nnakaa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikalale," nikamwambia, tena kwa maringo. "Mwanangu ananitunza sana. Sigusi kitu."

Akaweka kalamu mezani. Nilidhani atamsifu Rashidi.

"Mama, vidonge unameza, nakuamini. Chakula unaangalia, nakuamini. Lakini siku nzima ukiwa umekaa, sukari haina pa kwenda. Miguu hii bado ni yako. Nataka ibaki yako." Akanionyesha vidole viwili, halafu akaongeza cha tatu. "Usikae zaidi ya nusu saa. Inuka, tembea dakika mbili, tatu, rudi ukae. Siku nzima hivyo. Sikwambii ukimbie. Viatu usivue, maana huhisi unachokanyaga. Ukitokwa jasho baridi au ukitetemeka, kaa, kula kitu, uje unione."

"Nusu saa nitaijuaje? Saa sina."

"Redio unayo?"

"Ipo."

"Kipindi kikiisha, inuka."

Nilirudi Makote nimejaa ari. Redio ikalia, kipindi kikaisha, nikainuka. Asha akapiga kelele, "Bibi anainuka!" Zuhura akatoka mbio. Nikawaeleza maneno ya daktari, wakaitikia kwa heshima zote, na nilipoinuka tena wakaja tena. Siku ya tatu nikachukua fagio ili nionekane nina shughuli. Jirani yetu Mama Salima alikuwa anapita. Akaingia bila hodi, akaninyang'anya fagio mkononi.

"Mama Asha!" akamwita mkwe wangu. "Una akili kweli wewe? Mgonjwa anafagia, wewe umesimama unamtazama? Ndivyo mlivyofundwa kwenu?"

Neno hilo la kufundwa lilimchoma Zuhura. Lilikuwa tusi kwa mama yake. Alikwenda nyuma ya jiko akalia, na sauti yake niliisikia toka barazani. Nikarudi kitini. Nilijiambia kwamba binti wa watu aliyeniletea maji mara mbili kwa siku hatatukanwa kwa ajili ya miguu yangu.

Jioni Rashidi akaja amechukia. Yeye akichukia hapazi sauti, anazungumza akitazama vidole vyake.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Daktari amesema niinuke."

"Daktari hakai hapa. Watu watasema Rashidi alinunua kiti cha kuonyesha watu, na mama yake mgonjwa anafagia uwanja."

"Watu watatembea na miguu yangu?"

"Mama, kaa tu. Nnakuomba. Mzee alikufa nikiwa mbali, sikumpa hata maji. Na wewe niache nikutunze."

Ningepaswa kumshika mkono. Badala yake hasira ilinipanda, ya siku tatu na ya miezi yote, nikamwambia maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo: "Kama kiti chako ni kizuri hivyo, kikalie mwenyewe!" Aliondoka bila kula. Na mimi, kwa ubishi na kwa huzuni, nikakaa juma zima, nikiinuka kwa haja tu, tena pekupeku.

Katika juma hilo Zuhura alikuwa ananiosha miguu. Akaninyanyua kisigino, akakisogeza penye mwanga. Ganda la korosho lilikuwa limezama ndani, kipande chenye ncha, na nyama pembeni yake imeanza kuwa nyeusi na kutoa maji yenye harufu. Lilikuwa humo kwa siku ngapi, sijui. Nilikanyaga nalo kwenda bafuni na kurudi na sikusikia lolote. Mkwe wangu aliona kidonda. Mimi nilimwona Mama Thabiti, chini ya kiuno, pale nilipokuwa sitaki kutazama.

Safari hii Rashidi alinishusha Masasi mwenyewe. Njiani alinifunika kanga mara tatu. Walisafisha kidonda, na nilisikia maumivu kidogo sana, na huko kutosikia ndiko kulikonitia hofu. Daktari alisema tumewahi. Nisiukanyagie mguu ule mpaka kidonda kizibe, kisha nirudi kwenye yale aliyoniambia. Akamtazama Rashidi. "Amekwambia niliyomwambia?" Rashidi akatazama vidole vyake.

Tulitoka kusubiri dawa. Nafasi iliyobaki kwenye benchi ilikuwa karibu na Mama Thabiti, hatukuwa na pa kukimbilia. Rashidi akamwamkia, shikamoo, naye mama akaitikia marahaba, akamkagua toka juu mpaka chini.

"Huyu ni mama yako?"

"Ndiyo, mama."

"Nnaona. Unamfunika kanga kama mtoto wa siku saba." Akacheka. Kisha akapunguza sauti. "Mimi wanangu sita, wote wazuri. Mmoja ananipikia, mmoja ananitoa nje, mmoja ananirudisha ndani. Nilikaa misimu miwili ya korosho sijui njia ya kwenda kisimani ikoje. Kidonda kilipoanza sikukiona, maana sikuwa na sababu ya kuitazama miguu. Waliponikata walilia wote sita. Nikawaambia nyamazeni, hakuna aliyenikosea, mlinipenda." Akagonga sakafu kwa gongo lake. "Sasa kila siku natembea na hili mpaka barabarani na kurudi. Nimejifunza kutembea mguu ukiwa umeshaondoka. Wewe mama yako bado anayo miwili."

Nesi akaita jina, watu wote wa benchi tukainuka, tukasogea nafasi moja, tukakaa. Rashidi peke yake hakuinuka. Alibaki pale ameinamisha kichwa, na mimi nikaweka mkono mgongoni pake kama alipokuwa mdogo. Nilimsamehe palepale, nikajisamehe na mimi.

Kidonda kilichukua muda. Mbaazi zilivunwa, zikapurwa, zikaisha kwenye ungo, ndipo ngozi ikaziba. Siku hizo zote nilijua Rashidi anatafuta jambo na halipati.

Asubuhi moja nilikuwa kitini, yeye alikuwa mwisho kabisa wa uwanja, kwenye mkorosho wa mpakani, anatengeneza baiskeli. Akainua kichwa.

"Mama!" akaita. "Njoo!"

Asiye wa kwetu hawezi kujua uzito wa neno hilo. Kwetu mtoto hamwiti mama yake aje. Ukiwa na haja naye unakwenda alipo, unainama kidogo, unasema. Hata ukiwa na mvi na wajukuu, unakwenda. Mtoto anayemwita mama yake toka mbali kama anavyomwita mbwa, watu hujiuliza amekunywa nini. Zuhura alisimama mlangoni, mwiko mkononi. Mama Salima alikuwa anapita tena, maana yeye huwa anapita tu, naye akasimama.

"Mama, nimesema njoo!"

Nikainuka. Sikuinuka kwa ajili ya sukari, niliinuka nikamzabe kofi. Nilivaa viatu vyangu, nikavuka uwanja wote, hatua zangu nazisikia kifuani, nikafika mbele yake nikiwa nahema.

"Ni mimi unayeniita hivyo?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Sitaki kitu," alisema. "Rudi ukakae."

Nilimtazama, nikaona machozi yamemjaa.

"Mama, nikikuletea utakaa," akasema. "Nikikuita utakuja. Nimefikiri wiki zote hizi, sijapata njia nyingine. Nimeona bora nikose adabu."

Sikumpiga. Niligeuka nikarudi, polepole, ili asinione uso. Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, na Zuhura akanipokea barazani akiwa hivyo hivyo.

Toka siku hiyo uwanja wetu ulikuwa wa kuitana. "Mama, njoo uone kuku huyu." Nikifika, kuku hana kitu. "Mama, njoo unishikie kamba." Nikifika, kamba imeshafungwa. Asha aliona raha isiyo na kifani, kuruhusiwa kumwita bibi yake aje, akawa ananiita mpaka babake akamkataza kuzidisha. Zuhura hakuweza. Mkwe kumwita mama mkwe, alisema, ulimi wake usingekubali. Yeye alifanya lake kimya. Bakuli la korosho zilizobanguliwa alilihamisha kutoka pembeni yangu akaliweka mlangoni kwa jiko, ng'ambo ya uwanja, akanipa kikombe kidogo cha bati. Kikijaa, ni lazima nikamimine. Kazi yangu ilipungua kasi, na wanunuzi walilalamika kwamba Mama Rashidi siku hizi hakai. Nilifurahi kusikia.

Maneno yalisemwa, bila shaka. Mama Salima alimwendea Rashidi kumpa somo la adabu, nami nikamwahi njiani, nikiwa nimesimama kwa miguu yangu. Nikamwambia, "Nimemruhusu mimi. Na wewe ukipita, usiingie, niite nitoke." Alisonya, akaenda zake. Baada ya siku kadhaa nikamsikia njiani, sauti imejaa kinyongo: "Mama Rashidi! Njoo tuamkiane!" Nikatoka. Mpaka leo tunaamkiana hapo.

Rashidi akisafiri ilibaki redio. Ikianza muziki wa kufungia kipindi, miguu inajiinukia yenyewe. Kuna siku za uvivu, siku za mvua nilizozunguka ndani ya chumba kama kuku anayetafuta pa kutaga, na siku za mwezi wa Ramadhani ambazo ilibidi nimuulize daktari kwanza. Kuna siku sikuinuka kabisa kwa sababu nilikuwa nimechoka kuwa mgonjwa. Usijichukie siku hiyo ikifika, kipindi kinachofuata inuka.

Mvua za kwanza ziliponyesha, kichupa kilisimama kwenye chungwa. Mwezi uliofuata, njano. Korosho zilipokuwa zimekwisha na uwanja umeota nyasi, nesi alikiinua kichupa dirishani, akakigeuza, akaniita nije nione. Kilikuwa kijani, kijani cha jani la muhogo. Mama Thabiti akapiga vigelegele mpaka wa wodini wakachungulia. Siku hiyo nilikaa karibu naye kwa hiari yangu, na nilimtazama wote, toka kilemba mpaka gongo.

Sitaki kukudanganya. Sukari haijaondoka, vidonge nameza, kliniki nakwenda. Ganzi ilirudi nyuma kidogo, haikuisha. Lakini vifundo vilishuka, mapaja yakarudi kuwa mapaja ya mtu, na alfajiri moja nilisimama kwenye mswala wangu, nikarukuu, nikasujudu, nikainuka bila kushika ukuta. Nilikaa hapo nikamshukuru Mungu kwa muda mrefu kuliko ambao daktari angependa.

Miaka imepita. Rashidi ana duka sasa, ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba yetu, na duka linakwenda vizuri. Anafungua asubuhi, anafunga jioni. Wateja wanaagiza dirishani, kila kitu amekipanga karibu yake, anafika kwa kunyoosha mkono tu. Anakalia kile kiti. Alikiomba kwangu mwenyewe, nami nikampa bila kufikiri, na kitambi kikaanza kumtoka, tukawa tunamtania kwamba amekuwa bosi.

Mwaka huu, mbaazi zikiwa maua, Zuhura alikuja nikiwa namimina korosho kwenye bakuli. Akageukia ukuta. Nilijua kabla hajafungua mdomo, maana mgongo ule nilishauona.

"Mama," alisema, "sisimizi."

Kesho yake tulishuka Masasi mimi na Rashidi, na safari hii mimi ndiye niliyemfunika kanga. Nilisimama nyuma ya nesi nikiangalia kichupa kikipita kijani, kikipita njano. Kiliposimama, Rashidi alinitazama kama siku ile aliponiomba nikae nitunzwe. Nikamwambia tunajua njia, tumeshaipita.

Kiti nimekirudisha barazani kwa ajili ya wageni, na dukani amewekewa stuli isiyo na mgongo. Lakini mtu anaweza kukaa hata kwenye stuli siku nzima. Kwa hiyo redio ninayo, na mimi mama sivunji adabu yoyote nikimwita mwanangu. Kipindi kikiisha navaa viatu, navuka uwanja mpaka ukingoni mwa barabara, kwa miguu yangu miwili, nasimama hapo naita kwa sauti yote niliyojaliwa.

"Rashidi! Njoo!"

Wateja wameshazoea, wanampisha. Anatoka, anavuka barabara, anafika mbele yangu. Jana alifika akihema kidogo, akainama, akaniamkia, nikaitika. Akaniuliza nilikuwa nataka nini. Nikamwambia sitaki kitu, arudi akauze.